Uzamili wa elimu: uongozi, ufundishaji wa hisabati, au wa mtandaoni?

Swali: Shikamoo, Profesa. Ninafundisha hisabati sekondari, huu ni mwaka wa saba. Nimepata nafasi ya kusoma uzamili wa elimu sehemu tatu. Ya kwanza ni uongozi na utawala wa elimu, masomo ya jioni na wikendi, kozi tupu bila tasnifu. Ya pili ni mtaala na ufundishaji, miaka miwili ya kukaa chuoni, nusu kozi na nusu tasnifu. Ya tatu ni ya chuo cha nje chenye jina kubwa, yote mtandaoni, miaka miwili kwa anayeendelea na kazi. Wenzangu wananiambia nichukue uongozi kwa kuwa ndio wenye vyeo. Moyo wangu uko darasani, na siku moja ningependa kufundisha walimu chuoni. Nifuate ipi?

Jibu: Marahaba, Mwalimu. Jibu langu ni ya pili, kwa sharti moja nitakalolieleza huko mbele. Sababu umeitoa mwenyewe: unataka siku moja kufundisha walimu. Atakayesimama mbele ya walimu wa hisabati na kuwaeleza jinsi mwanafunzi anavyojifunza, lazima awe amewahi kulichunguza jambo hilo kwa kina, akaliandika, likasomwa na watu wasiomwonea haya, na akalitetea. Shahada ya kozi tupu haina mahali pa kufanyia hayo.

Ila usiishie hapo, maana swali lako limefunga pamoja mambo matatu yasiyofanana: fani, muundo wa masomo na chuo. Waombaji wengi huanza na chuo, kisha hutafuta muundo unaoingia kwenye ratiba yao, na fani wanachukua iliyobaki. Geuza mpangilio huo. Anza na fani, nenda kwa watu watakaokufundisha na kukusimamia, kisha muundo. Ukifika kwenye jina la chuo utakuta limebaki moja au mawili tu ya kuchagua.

Jina la shahada nalo lisikubabaishe. Herufi za kwenye cheti zinasema kidogo sana. Harvard hutoa Ed.M., yaani uzamili wa elimu, ya mwaka mmoja; Teachers College ya Chuo Kikuu cha Columbia, New York, nayo hutoa Ed.M., lakini yao ina krediti zipatazo 60, karibu mara mbili ya M.A. ya hapohapo. Katika vyuo vikongwe vya Uskoti, M.A. ni shahada ya kwanza ya miaka minne. Oxford na Cambridge huwapa M.A. wahitimu wao wenyewe wa shahada ya kwanza baada ya miaka kadhaa, bila darasa wala mtihani. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba M.Sc. ya elimu ni nzito kuliko M.Ed., au M.A. ni ya watafiti na M.Ed. ni ya walimu, mwulize ni ya chuo gani, kisha mfungue orodha ya kozi. Huko ndiko shahada ilikojificha.

Orodha ya kozi hueleza pia uzito kwa hesabu. Uingereza uzamili huwa na krediti 180, kila krediti ikikadiriwa kuwa saa 10 za kazi, yaani saa 1,800 kwa jumla, na kwa kawaida krediti 60 kati ya hizo ni tasnifu. Nchi za Ulaya zilizoingia kwenye mchakato wa Bologna wa mwaka 1999, wa kuoanisha shahada zao, hutumia krediti za pamoja za Ulaya, ECTS, nyingi zikitoa uzamili wa krediti 60 hadi 120, kila moja saa 25 hadi 30. Marekani uzamili wa elimu mara nyingi ni krediti 30 hadi 36, ila hizo zinahesabiwa kwa namna nyingine, usizilinganishe tarakimu kwa tarakimu. Wewe ni mwalimu wa hisabati, hesabu hii itakuchukua dakika chache tu, na itakuonyesha mara moja kama shahada mbili zenye jina moja zinakudai kazi ile ile.

Kuna swali jingine ambalo kwako ni jepesi lakini wengi limewaumiza: je, shahada hii inatoa leseni ya kufundisha? Uzamili wa elimu na leseni ya ualimu ni vitu viwili. England, mafunzo ya ualimu ya PGCE mara nyingi huwa na krediti 60 tu za ngazi ya uzamili, na hadhi ya mwalimu aliyehitimu hutolewa kivyake. Ufini, tangu mageuzi ya miaka ya 1970, mwalimu wa darasa lazima awe na uzamili, na safari yote ya chuo ni krediti 300 za ECTS. Mtu anaweza kumaliza uzamili mzuri wa sera za elimu akakuta hana ruhusa ya kushika chaki. Wewe leseni unayo. Kama huna mpango wa kuhamia nchi nyingine kufundisha, pita.

Sasa turudi kwa wenzako na uongozi wao. Ushauri huo si wa kubeza, ila una tundu. Kinachopandisha cheo ni kanuni za utumishi za mwajiri wako, si maneno ya chumba cha walimu. Tafuta waraka wenyewe uusome neno kwa neno. Upo utofauti mkubwa kati ya waraka unaosema "shahada ya uzamili", unaosema "shahada ya uzamili katika elimu", na unaosema "shahada ya uzamili katika somo analolifundisha". Wa kwanza unaruhusu zote tatu ulizopata. Wa tatu unaweza kuikataa kabisa ile ya uongozi, na wewe umeshamaliza ada. Ukiona maneno yana utata, uliza kwa barua, na ujibiwe kwa barua.

Hata thamani ya fani hiyo hubadilika kwa nchi. Katika majimbo mengi ya Marekani huwezi kuwa mkuu wa shule ya umma bila leseni ya uongozi, na leseni hiyo huambatana na masomo ya uzamili yaliyoidhinishwa na jimbo husika pamoja na mafunzo kwa vitendo. England kulikuwa na sifa maalumu ya kitaifa ya wakuu wa shule, NPQH, iliyokuwa lazima kwa wakuu wapya. Mwaka 2012 ikafanywa hiari. Mahali pamoja cheti cha uongozi ni ufunguo, kwingine ni pambo la ukutani.

Lipo jambo zito zaidi ya vyeo. Masomo ya uongozi wa elimu yanahitaji uwe na kitu unachokiongoza. Kazi za kozi zitakutaka uchanganue bajeti ya shule, uandike jinsi ulivyomwangalia mwalimu akifundisha na ukampa mrejesho, ueleze mgogoro wa walimu ulivyoushughulikia. Aliye makamu mkuu wa shule au mkuu wa idara huandika kutoka kwenye meza yake, na hufaidika sana. Asiye na ofisi huandika kwa kubuni. Kazi za namna hiyo nimezisoma nyingi: lugha safi, nadharia zimepangwa vizuri, na ndani yake hamna shule. Ukija kupewa madaraka miaka mitano ijayo, fani hiyo bado itakuwepo, na wakati huo utaisoma kwa macho mengine.

Mtaala na ufundishaji, je? Hapa ndipo penye sharti langu, na hapa nitakaa kidogo.

Jina hilo ni pana mno. Katika idara moja maana yake ni historia na nadharia za mtaala: nani anaamua kifundishwe nini, malengo yanaandikwaje, mtaala unatathminiwaje. Katika idara nyingine maana yake ni ufundishaji wa somo mahususi, nawe utapangwa kwenye mkondo wa hisabati. Zote ni elimu halali, lakini moja tu ndiyo inayojibu haja yako.

Nikupe mfano unaoujua kutoka darasani. Mwandikie mtoto 8 + 4 = __ + 5, umwambie ajaze pengo. Wengi watajaza 12, na wengine watajumlisha kila kinachoonekana waseme 17. Hawakosei kujumlisha. Kwao alama ya usawa imekuwa ikimaanisha "sasa toa jibu", kwa kuwa miaka yote wameiona imekaa kabla tu ya jibu. Au waulize kipi ni kikubwa, 0.35 au 0.4, wapo watakaosema 0.35, kwa kuwa 35 ni kubwa kuliko 4. Mwalimu wa miaka saba makosa haya anayafahamu hata akiwa amelala. Uzamili unaostahili muda wako utakufundisha kuuliza yametoka wapi, yanadumu kwa wanafunzi gani, somo la namna gani linayang'oa, na utajuaje kwamba limeyang'oa badala ya kuyaficha hadi mtihani ujao.

Fikra hii ina wenyewe. Mwaka 1986 Lee Shulman wa Stanford alichapisha hoja kwamba kuna maarifa yaliyo ya mwalimu peke yake: si ya mwanahisabati anayejua somo, wala si ya mtaalamu wa malezi anayejua watoto kwa jumla, bali ni kujua somo hilo linavyofundishika, wapi linakwama, mfano upi unalifungua na upi unalifunga. Deborah Ball na wenzake huko Michigan wakaipeleka hoja hiyo kwenye hisabati, wakaonyesha kwamba maarifa hayo yanaweza kuchunguzwa na hata kupimwa. Tangu hapo ufundishaji wa hisabati umekuwa uwanja kamili wa utafiti, wenye majarida yake, mikutano yake na ugomvi wake.

Sharti, basi, ni hili: katika idara ya nafasi yako ya pili awepo angalau mhadhiri mmoja ambaye kazi yake ni elimu ya hisabati, na awe anapokea wanafunzi mwaka huo. Asipokuwepo, utapewa msimamizi mwema wa fani nyingine. Atakurekebishia sarufi na mpangilio wa marejeo, atakutia moyo, lakini ukikwama kwenye kiini cha jambo hataona ulipokwama. Fungua ukurasa wa wahadhiri wa idara, uangalie wamechapisha nini katika miaka mitano iliyopita. Angalia pia kama anayekufaa anakaribia kustaafu au yuko likizo ya utafiti. Kisha mwandikie. Baruapepe iwe fupi: wewe ni nani, umeona tatizo gani darasani, na kama anasimamia wanafunzi wa uzamili mwaka ujao. Usimsifu. Sifa za kunakili wahadhiri hupata nyingi, na huzitambua mstari wa kwanza.

Hatua inayofuata karibu hakuna mwombaji anayeifanya, nami ningekushauri uifanye hata kama utapuuza mengine yote. Soma tasnifu za waliokutangulia. Vyuo vingi siku hizi huweka tasnifu za wahitimu kwenye maktaba ya mtandaoni iliyo wazi kwa yeyote. Chukua chache za miaka ya karibuni kutoka idara unayoiendea, usome sura ya mbinu za utafiti na sura ya matokeo, sehemu nyingine pitia kwa haraka.

Utaona mambo ambayo kipeperushi cha chuo hakitakuambia kamwe. Kama kila tasnifu ina kichwa cha "sababu zinazoathiri ufaulu wa somo fulani", kila moja ina hojaji ya majibu matano kutoka "nakubali kabisa" hadi "sikubali kabisa", na kila jedwali linaishia kwenye asilimia, basi kozi ya mbinu za utafiti katika idara hiyo ni dhaifu, hata wahadhiri wawe na sifa gani. Hojaji ya maoni haiwezi kukuambia kwa nini mtoto anaamini 0.35 ni kubwa kuliko 0.4. Kwa hilo unahitaji kumhoji mtoto akiwa anafanya hesabu, kurekodi somo, kubuni jaribio lenye maswali yanayotenganisha kosa moja na jingine, au kufundisha kwa njia mbili na kulinganisha. Ukikuta tasnifu hata mbili zilizofanya kazi ya aina hiyo, tena kwa msimamizi mmoja, umeshampata mtu wako.

Angalia na majina ya wasimamizi. Jina moja likitokea kwenye tasnifu nyingi mno za mwaka mmoja, jiulize huyo mtu anasoma rasimu saa ngapi. Angalia na muda: kwenye vyuo kadhaa namba ya usajili ya mwanafunzi hubeba mwaka wa kuingia, na ukurasa wa jalada una mwaka wa kuwasilisha. Toa moja kwenye nyingine. Masomo ya miaka miwili ambayo wahitimu wake wanachukua minne au mitano si masomo ya miaka miwili. Shukrani za mwanzoni nazo zisome. Huko ndiko mtu husema ukweli bila kukusudia, anapomshukuru rafiki aliyemfundisha takwimu kwa sababu hakuna mwingine aliyemfundisha.

Kuhusu takwimu zenyewe, uliza kama wanafunzi hufanya mazoezi kwa data halisi. Utafiti wa kimataifa wa TIMSS umekuwa ukipima hisabati na sayansi kila baada ya miaka minne tangu 1995, katika darasa la nne na la nane, na PISA inapima vijana wa miaka 15 tangu mwaka 2000. Data za zote mbili zinapakuliwa bure. Idara inayozitumia kufundishia inawapa wanafunzi wake kitu cha kuchanganua hata kama hawana fedha ya kwenda kukusanya data zao, na kwa mtu wa hisabati hiyo ni karamu.

Umeniuliza pia juu ya ile ya mtandaoni. Sina ugomvi na masomo ya masafa. Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, UNISA, kinafundisha kwa masafa tangu 1946, na Open University ya Uingereza ilipata hati yake mwaka 1969. Vyote viwili vimetoa wasomi wazito. Shida ya masomo haya iko kwenye saa zako na kwenye utambuzi wa cheti.

Saa kwanza. Chukua zile 1,800 za uzamili wa Uingereza, zigawe kwa miaka miwili ya wiki 45 za kusoma. Unapata saa 20 kwa wiki. Ongeza vipindi vyako, daftari za kusahihisha na familia. Wapo wanaoweza, ila ujue unachosaini. Uliza kama kuna vipindi vya moja kwa moja na vinaanguka saa ngapi kwako, kama utafungua maktaba yote ya chuo au sehemu tu, na kama msimamizi wa tasnifu ni mhadhiri wa kudumu au mtu aliyekodiwa kwa kipande.

Utambuzi ndio unaowaliza watu. Chuo kuwa na ithibati nchini mwake hakumaanishi cheti chake kitapokelewa kwako moja kwa moja. Zipo mamlaka za utambuzi zinazouliza ulisoma kwa njia gani, na zipo zisizotambua masomo yaliyofanyika mtandaoni tupu. Mkataba wa kimataifa wa UNESCO kuhusu utambuzi wa sifa za elimu ya juu, uliopitishwa 2019 na kuanza kutumika Machi 2023, unampa mwombaji haki ya kutathminiwa kwa uadilifu, pale nchi ilipouridhia. Hautoi utambuzi wa papo kwa papo. Andikia mamlaka ya nchi yako kabla ya kulipa, taja chuo, jina kamili la shahada na njia ya kusoma, uhifadhi jibu. Kama hujawahi kulisikia jina la chuo, litafute kwenye kanzidata ya vyuo vikuu ya dunia, WHED, inayotunzwa na Jumuiya ya Kimataifa ya Vyuo Vikuu kwa kushirikiana na UNESCO; usitegemee nembo za ithibati zilizobandikwa kwenye tovuti ya chuo chenyewe, maana matapeli wa vyeti huanzisha na mashirika ya ithibati ya kwao.

Jina kubwa la chuo hicho cha tatu linakuvutia, na si wewe peke yako. Taasisi ya Elimu ya UCL, London, ilishika nafasi ya kwanza duniani kwa fani ya elimu kwenye orodha ya QS ya kupanga vyuo kwa ubora mwaka 2014 na ikabaki hapo kwa miaka mfululizo. Ni taasisi kubwa kweli, ina uzamili wa aina nyingi sana. Lakini orodha za aina hiyo huegemea sana sifa ya chuo miongoni mwa wanataaluma na waajiri, pamoja na idadi ya mara machapisho yake yanavyonukuliwa. Hazikupimii nani atasoma rasimu yako ya tatu. Jina hufungua mlango wa usaili. Humo ndani utaulizwa umefanya nini.

Fedha nitaipitia kwa kifupi kwa kuwa hukuiuliza, ila muundo uliouchagua huamua ufadhili unaoweza kuuomba. Chevening ya Uingereza, iliyoanza 1983, inataka uzoefu wa kazi wa saa 2,800, ambao kwako si tatizo, lakini hailipii masomo ya masafa. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola, ulioanzishwa 1959, una fungu lake la wanaosoma kwa masafa. Erasmus Mundus, tangu 2004, hulipia uzamili wa pamoja unaozunguka vyuo vya nchi zaidi ya moja. Na habari za "nchi fulani ni bure" zikague tarehe: Ufini ilianza kutoza ada wanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya na washirika wake mwaka 2017, na Norwei ikafuata 2023. Watu wengi bado wanasambaza ushauri wa kabla ya hapo. Kwenye hesabu yako usisahau mshahara utakaoukosa ukikaa chuoni muda wote. Mara nyingi huo ndio gharama kubwa kuliko ada.

Ungana pia na wahitimu, ila si wale ambao chuo kimewaweka kwenye tovuti wakitabasamu. Tasnifu ulizosoma zina majina. Watafute waandishi wake. Waulize walisubiri mrejesho wa rasimu kwa muda gani, kozi gani ilitangazwa ikakosa mwalimu, na wangemshauri nini mtu wa somo lako. Na kama unaweza kumpata aliyeacha njiani, mazungumzo yake yanaweza kukufaa kuliko ya waliomaliza.

Uamuzi wako unakwenda hivi. Idara ya pili ikiwa na mtu wa elimu ya hisabati anayepokea wanafunzi, na mwajiri akakupa likizo ya masomo, kubali. Ikiwa mtu yupo lakini likizo imekataliwa, uliza kama inawezekana kusoma kwa muda mrefu zaidi ukiwa kazini. Vyuo vingi vina njia hiyo hata kama haikutajwa kwenye tangazo. Ikiwa mtu hayupo, usiichukue kwa sababu tu ina tasnifu. Hapo ile ya mtandaoni inarudi mezani, mradi ina mkondo wa hisabati, ina tasnifu kamili, na mamlaka yako imekujibu kwa maandishi kwamba itaitambua. Bila tasnifu utakuta mlango wa uzamivu umebaki nusu wazi: idara nyingi za uzamivu hutaka kuona utafiti uliokwisha kuufanya, na usipokuwa nao unaweza kuambiwa uanze na mwaka wa nyongeza wa mbinu za utafiti. Zote mbili zikishindikana, omba upya mwaka ujao ukimtafuta msimamizi kwanza na chuo baadaye. Miaka saba umesubiri, mmoja hautakuangusha.

Kabla hujajibu barua yoyote, viandikie vyuo vyote viwili, cha pili na cha tatu, uulize kama nafasi inaweza kuahirishwa kwa mwaka mmoja na kwa masharti gani. Nafasi ya masomo mara nyingi huahirishika, ufadhili mara nyingi hauahirishiki, kwa hiyo uliza mambo hayo mawili kila moja peke yake. Na barua ya likizo ya masomo iwe imesainiwa na iko mkononi kabla ya kulipa amana ya kushikilia nafasi, kwa sababu katika vyuo vingi hairudishwi.